Breka Hulinda Waya: Umeme wa Friza na Vyumba vya Baridi vya Biashara

Breka iliyo kwenye kisanduku cha umeme cha bucha, duka la samaki au mgahawa imewekwa kwa ajili ya waya, si kwa ajili ya friza. Kazi yake ni kukata umeme kabla waya haujapata joto la kuyeyusha plastiki inayoufunika. Kwa hiyo malalamiko ya wafanyabiashara kwamba breka inajikata ovyo hayatibiwi kwa kununua breka kubwa zaidi. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, wenye breka ya ampea 20, ukifungiwa breka ya ampea 40, friza itawaka na usumbufu utakwisha; lakini waya huo sasa unaweza kubebeshwa ampea 35 mchana kutwa na hakuna kitakachokata. Moto wa namna hii huanzia darini au ndani ya ukuta, na hugunduliwa ukiwa umekwisha kushika.

Hesabu sahihi huanzia kwenye kibandiko cha mtengenezaji kilicho ubavuni mwa mashine. Hapo husomwa ampea za kompresa ikiwa kazini na ampea za feni. Ukubwa unaotajwa kwa hospawa hautoshi, kwa sababu kompresa mbili za hospawa moja zinaweza kuvuta ampea tofauti. Kompresa hukaa kazini muda mrefu, hivyo ampea zake huongezwa robo, kisha za feni hujumlishwa. Chumba cha baridi cha umeme wa njia moja, volti 230, chenye kompresa ya ampea 16 na feni za ampea 2, huhesabiwa kuwa na ampea 22. Breka inayofuata juu ya hapo ni ya 25.

Sasa waya, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Waya lazima uweze kubeba ampea zisizopungua zile za breka, katika joto la mahali ulipopita. Majedwali ya mafundi huupa waya wa milimita 4 za mraba, ukiwa ndani ya bomba, ampea 32, lakini hiyo ni kwa joto la nyuzi 30. Chini ya paa la bati, joto la darini likifika nyuzi 50, waya wa kawaida wa plastiki hubakiwa na asilimia 71 tu ya uwezo wake. Zile ampea 32 zinakuwa takriban 22.7, pungufu ya breka ya 25. Waya wa milimita 6, wenye ampea 41 kwenye jedwali, hubakiwa na takriban 29, nao ndio unaofaa. Bomba hilohilo likipitisha saketi ya pili, uwezo hushuka tena kwa sehemu moja ya tano, na waya unaohitajika ni wa milimita 10.

Umbali nao huhesabiwa. Ampea 18 zikisafiri mita 40 katika waya wa milimita 2.5 hupoteza karibu volti 13, zaidi ya asilimia 5 inayokubalika kwa mitambo. Katika waya wa milimita 6 hupotea volti 5 na kitu. Volti zikipungua, kompresa huvuta ampea nyingi zaidi, hupata joto na hatimaye huungua.

Yapo malalamiko ya kweli: breka hukata kila kompresa inapoanza. Kompresa inapoanza huweza kuvuta mara tano au sita ya ampea zake za kawaida kwa muda mfupi. Ile ya ampea 16 huvuta 80 hadi 96. Breka ya aina B ya ampea 25 huweza kukata papo hapo kuanzia ampea 75. Ya aina C yenye ampea zilezile 25 haikati papo hapo chini ya ampea 125. Dawa basi ni kubadili aina na kuacha ampea zilivyo. Herufi hiyo imeandikwa usoni mwa breka, kabla ya namba.

Umeme unaporudi baada ya kukatika, friza zote za duka huanza kwa pamoja. Kifaa cha kuchelewesha, kinachoiacha kila kompresa ipumzike dakika kadhaa kisha iwake kwa zamu, huondoa tatizo hilo. Chumba cha baridi kisichomekwe kamwe kwenye soketi ya kawaida wala ekstensheni: plagi ya miguu mitatu ya mraba mwisho wake ni ampea 13.

Onyo linarudiwa kwa makusudi: breka isiongezwe ampea kabla waya haujapimwa na kubadilishwa. Breka inayokata huchunguzwa kwanza kwa skrubu zilizolegea, volti pungufu, kondensa iliyojaa vumbi na aina ya breka yenyewe.

Tanzania Bara, kazi hii hufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, ya daraja linalolingana na kazi. Anayehama kutoka njia moja kwenda njia tatu huomba kwanza TANESCO. Fundi akimaliza, ukubwa wa waya, urefu wake na ampea za breka za kila saketi viandikwe na kubandikwa ndani ya mlango wa kisanduku, ili fundi ajaye asibadilishe breka kwa kukisia.