Kijana Naye Aulizwe Habari za Usalama

Katika somo hili fupi nataka tujiulize swali moja tu. Kwa nini usalama unapojadiliwa kijana hutajwa sana, lakini haulizwi?

Kwanza tuyaelewe maneno. Amani ni watu kuishi pamoja bila kuogopana. Usalama ni kulindwa kwa mtu na mali yake. Sera ni mpango ambao serikali imekata shauri kuufuata. Basi sera ya usalama huamua mambo ya kila siku: taa za barabarani ziwekwe wapi, polisi wapige doria saa ngapi na nani asimamishwe njiani. Sisi wa shule ya kutwa tunayajua hayo vizuri. Msichana hupita njia yenye giza akikimbia. Mvulana naye akivua sweta ya shule tu, ati amekuwa mkora!

Hatari ya kumwacha kijana nje ilionekana papa hapa kwetu. Vijana wengi wasio na kazi walivutwa na kundi la Mungiki, lililowatoza pesa wenye matatu na wafanyabiashara. Mwaka wa 2009 wanavijiji wa Kirinyaga na Mathira waliunda vikundi vya kujilinda, wakawasaka na kuwaua washukiwa. Mungiki wakalipiza kisasi. Usiku wa kuamkia Aprili 21, 2009, kijijini Gathaithi karibu na Karatina, watu wasiopungua 29 waliuawa. Pande zote mbili walikuwako vijana. Waama, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Je, sheria inasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 55, inaitaka serikali ihakikishe vijana wanawakilishwa na kushiriki katika mambo ya siasa, jamii na uchumi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, na kati ya wajumbe wake awemo mwakilishi wa vijana. Isitoshe, Desemba 9, 2015, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio nambari 2250, linalozihimiza nchi zote kuwashirikisha vijana katika kuleta amani. Kwa hivyo hatuombi fadhila.

Taabu iko mtaani. Mpango wa Nyumba Kumi ulianza Kenya mwaka wa 2013, wazo lake likiwa limetoka Tanzania. Ni mpango mzuri. Lakini kwetu mkutano huitishwa siku ya kazi saa nne asubuhi. Saa hiyo mwanafunzi yuko darasani, na wa bodaboda yuko stejini akitafuta riziki. Wanaobaki ni wazee, nao huwajadili vijana bila vijana.

Wako wanaosema kwamba vijana wana haraka. Hebu tukumbuke Juni 2024. Vijana waliandamana kuupinga Mswada wa Fedha, hata hapa mjini Nyeri. Juni 25 watu zaidi ya 20 waliuawa kote nchini, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi mswada huo. Kama wangesikizwa mapema, pengine wenzetu hao wangekuwa hai.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, mikutano ya mtaa ifanywe Jumamosi alasiri. Pili, kila kamati ya Nyumba Kumi iwe na vijana wawili, wa kike na wa kiume. Tatu, chama chetu cha Kiswahili kiandae mdahalo juu ya usalama, na chifu na polisi waalikwe kusikiliza.

Wazee wetu, hatutaki kuwanyang'anya viti. Tusogezeeni tu benchi, nasi tuketi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.