Trojan ya Mlango wa Nyuma: Huingiaje Kwenye Kompyuta Yako, na Hujificha Wapi?

PIN yako unaijua wewe peke yako, na simu haijatoka mkononi mwako. Sasa pesa zinaweza kuondokaje? Mara nyingine shida iko kwenye kompyuta ya dukani, ile unayosomea barua pepe na kufungulia akaunti ya biashara.

Tuseme unauza nguo, na barua pepe inaingia: "Tumekulipa, risiti hii hapa." Faili inaonekana Risiti.pdf. Unaibofya, haifunguki, unaendelea na kazi zako. Kumbe jina lake kamili ni Risiti.pdf.exe. Windows, usipoibadilisha mipangilio, huficha hicho kipande cha mwisho, na .exe maana yake ni programu, si karatasi. Hiyo ndiyo Trojan. Haikuvunja mlango, wewe ndiye umeifungulia. Njia nyingine tunayoijua sana hapa kwetu ni zile programu za "kuamsha" Windows au Office bila kununua leseni. Maelezo yake mara nyingi hukuambia kwanza uzime antivairasi. Hapo tu ungesimama.

Ikishaingia haipigi kelele. Hujinakili ndani ya folda ya AppData, ambayo kwa kawaida huioni, kisha hujiweka kwenye orodha ya programu zinazoanza zenyewe ukiwasha kompyuta. Halafu hujipa jina la heshima, kama svchost.exe, ambalo ni la programu halali ya Windows. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kufungua Task Manager, utakuta svchost nyingi, na karibu zote hazina ubaya. Kwa hivyo usiangalie jina, angalia inakoishi: ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, uchague kufungua mahali faili ilipo. Ile ya kweli huishi ndani ya folda ya Windows, kwenye System32 au SysWOW64. Ukiipata AppData, una mgeni.

Zamani kulikuwa na Back Orifice, iliyotolewa mwaka 1998 na kundi la wadukuzi wa Marekani, Cult of the Dead Cow. Ilikaa ndani ya Windows 95 na 98 ikingoja mtu wa nje abishe hodi. Siku hizi ruta humzuia mtu kama huyo, basi Trojan kama njRAT zimegeuza mambo: zenyewe ndizo hupiga nje kwa kompyuta ya mwizi, na ruta huona kama umefungua tovuti tu.

Sasa mwizi anaona skrini yako na kila herufi unayoandika. PIN hajaipata, kama huiandiki kwenye kompyuta. Lakini wengi wetu tumeunganisha WhatsApp na SMS za simu na kompyuta ili tusisumbuke, kwa hivyo ile OTP inatokea kwenye skrini anayoitazama. Neno siri la akaunti alishaliona ukiliandika. Amekamilisha.

Ukishuku, toa waya wa intaneti au zima Wi-Fi mara moja. Usibadilishe neno siri kwenye kompyuta hiyo hiyo, utakuwa unampa jipya. Tumia simu, na uanze na barua pepe, kwa sababu maneno siri mengine hurejeshwa kupitia hapo. Ingia kwenye WhatsApp na SMS, tafuta vifaa vilivyounganishwa, uviondoe vyote. Kisha tupigie huduma kwa wateja tuangalie akaunti yako pamoja.

Kufuta ile faili moja hakutoshi, maana huenda ilishaleta wenzake. Hifadhi picha na hati zako, programu ziache, kisha kompyuta ifutwe yote na kuwekewa Windows upya. Na fundi akikuletea Windows "iliyoamshwa" tayari kwa bei ya chini, muulize ameiamsha na nini.