KWA NINI ARDHI HAITULII MARA MOJA BAADA YA TETEMEKO

Watu waliopatwa na tetemeko la ardhi huuliza swali moja: "Je, limekwisha?" Swali hilo ni la haki, kwa maana mtu ambaye ukuta wa nyumba yake umepasuka hana budi kuamua kama jamaa zake watalala ndani au nje usiku ule. Hakuna awezaye kutoa jibu kamili, lakini wataalamu wamegundua kanuni za hesabu zinazoweza kumsaidia kuamua kwa busara.

Kwanza yafaa kufahamu asili ya jambo lenyewe. Miamba iliyo chini ya ardhi husukumwa au kuvutwa polepole kwa miaka mingi, hata siku moja ikashindwa kuvumilia, ikakatika na kuteleza ghafula. Hilo ndilo tetemeko kuu. Baada ya hapo miamba ya kando hutwishwa mzigo ambao haikuwa nao hapo kwanza, nayo hukatika huku na huku mpaka itulie. Hayo ndiyo matetemeko yanayofuata.

Kanuni ya kwanza ni ya idadi. Tarehe 28 Oktoba, 1891, tetemeko kubwa lilipiga sehemu za Mino na Owari katika nchi ya Japani, likaua watu zaidi ya 7,000. Mtaalamu wa Kijapani, Fusakichi Omori, aliyachunguza matetemeko yaliyofuata, na mwaka wa 1894 akaeleza kwamba hupungua kwa utaratibu maalum. Kwa mfano, ikiwa siku ya kwanza yamehesabiwa 100, siku ya pili yatakuwa kama 50, siku ya kumi kama 10, na siku ya mia moja tu. Basi hupungua upesi mwanzoni, kisha polepole sana.

Kanuni ya pili ni ya ukubwa. Nguvu ya tetemeko hutajwa kwa kipimo, na kipimo kikizidi kwa 1, nguvu inayotoka huzidi mara 32 hivi. Madogo ni mengi na makubwa ni machache: kwa kila tetemeko moja la kipimo cha 5, kwa kawaida huwapo kama kumi ya kipimo cha 4, na kama mia ya kipimo cha 3. Kadhalika, lililo kubwa kuliko yote yanayofuata huwa, kwa wastani, chini ya tetemeko kuu kwa kipimo cha 1.2 hivi. Kwa hiyo tetemeko la kipimo cha 7 laweza kufuatwa na jingine la karibu 6, nalo latosha kabisa kuangusha nyumba iliyokwisha kupasuka.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kinachopungua siku hata siku ni idadi, wala si ukubwa. Tetemeko la siku ya kumi si lazima liwe dogo kuliko la siku ya pili. Tena, mara chache, lile lililodhaniwa kuwa kuu huwa ni mtangulizi tu. Huko Kumamoto, Japani, tetemeko la kipimo cha 6.2 lilitokea tarehe 14 Aprili, 2016. Saa 28 baadaye likaja jingine la 7.0, na baadhi ya watu waliokuwa wamekwisha kurudi majumbani mwao waliangukiwa na nyumba.

Mambo haya si ya Japani peke yake. Bonde la Ufa ni mahali ambapo nchi inapanuka polepole, na tarehe 6 Januari, 1928, tetemeko la kipimo cha 6.9 lilipasua ardhi huko Subukia, Kenya. Mwezi wa Julai, 2007, matetemeko mengi yalitokea karibu na Ziwa Natron, Tanganyika ya zamani, ambayo sasa ni Tanzania. Hayo hayakuanza kwa kubwa: lililo kubwa kuliko yote, la 5.9, lilikuja tarehe 17, baada ya siku kadhaa za matetemeko madogo, na watu wa Nairobi walilisikia. Mwezi wa Septemba mlima Ol Doinyo Lengai, ulio karibu, ukalipuka kwa nguvu.

Basi, utulivu wa siku mbili tatu si idhini ya kurudi katika nyumba iliyopasuka. Yafaa kungoja mpaka fundi mwenye ujuzi aikague, na siku za kwanza ndizo za kuhadhari zaidi. Na akitokea mtu kutangaza siku na saa ya tetemeko lijalo, asisadikiwe. Hesabu huonyesha kadiri ya hatari. Saa yake haiijui mtu.