Somo la Wanachama: Kazi ya Kichochoro na Kazi ya Baraza



Katika kurasa hizi tumezoea kufundishana habari za miche, za kuchuma na za kuanika. Safari hii twataka kutoka shambani kidogo tuingie mtaani, maana mkulima wa karafuu hakai juu ya mkarafuu. Jioni huteremka akarudi nyumbani, na nyumba hiyo ina jirani, na baina yake na jirani pana kichochoro, na katika kichochoro hicho mara nyingi pana maji machafu yaliyosimama. Masika yakianza, maji hayo huingia mlangoni. Hapo huzuka maneno tuyajuayo sote. Watu husema, "Hii ni kazi ya Baraza." Baraza husema, "Hatuna fungu." Maji hubaki palepale, na watoto huugua matumbo.

Swali la somo letu ni hili: kazi ya kutengeneza mtaa ni ya nani? Sisi twasema kwamba ni kazi ya kugawana, na kwamba mpaka wa kugawana sharti ujulikane kabla ya jembe la kwanza kupigwa. Ili jambo hili lionekane kwa mfano wa kweli, tutawapelekeni Karachi, mji mkubwa wa bandari katika nchi ya Pakistan, kwenye mtaa uitwao Orangi.

Habari za Orangi

Orangi uko kaskazini magharibi ya Karachi. Watu walianza kujenga huko katika miaka ya 1960, na baada ya mwaka 1972 wakaongezeka upesi sana, wengi wao wakiwa wahamiaji waliopoteza makazi yao. Kufika miaka ya 1980 walikuwa yapata watu milioni moja. Nyumba walijijengea wenyewe, lakini mifereji ya maji machafu haikuwako. Vyoo vilikuwa vya ndoo au vya mashimo, na maji ya kuogea na kufulia yalimwagwa njiani.

Mwaka 1980 alifika huko mzee mmoja, jina lake Akhtar Hameed Khan, akaanzisha kazi iliyoitwa Orangi Pilot Project. Mtu huyu yafaa tumjue sisi wakulima, kwa sababu kabla ya hapo, katika miaka ya 1960, alikuwa akiongoza chuo cha maendeleo ya vijiji huko Comilla, katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, ambako wakulima wadogo waliungana katika vyama vya ushirika. Basi alipokuja mjini alikuwa na desturi ya ushirika. Hakuja na fedha za kugawa. Alitembea vichochoroni akawauliza watu shida zao, nao wakamjibu kwamba shida kubwa ni maji machafu.

Mambo manne yaliyowazuia

Yeye na wenzake walipochunguza waliona kwamba watu wamezuiwa na mambo manne. La kwanza ni la moyo: watu waliamini kwamba serikali itawajengea bure, nao wakawa wakingoja. La pili ni la fedha: mifereji iliyojengwa na makontrakta ilikuwa ghali mno kwa watu wa kipato kidogo. La tatu ni la ufundi: hapakuwa na aliyejua kupima mteremko wala kuchanganya zege ipasavyo. La nne ni la umoja: majirani hawakuwa na chombo cha kuwakutanisha.

Wanachama watatambua kwamba mambo haya manne si mageni hapa kwetu.

Dawa yao ilikuwa kuanza na kitu kidogo. Hawakuanza na mtaa mzima wala kuunda kamati kubwa ya mji. Walianza na kichochoro kimoja chenye nyumba 20 hadi 40, ambamo kila mtu amjua mwenziwe. Wakaazi walikutana, wakamchagua msimamizi wao, naye akapeleka ombi. Ndipo mafundi wa Orangi Pilot Project walipokuja kupima ardhi, kuchora ramani, kufanya hesabu ya gharama na kuazima vifaa na kalibu za kumiminia zege. Fedha hawakuzishika hata senti. Zilikusanywa na msimamizi, na kila mwenye nyumba alijua amelipa kiasi gani na jirani yake amelipa kiasi gani.

Kwa njia hii gharama ilishuka sana. Faida ya kontrakta iliondoka, chemba zilirahisishwa, na watu walichimba wenyewe au walimwajiri fundi wao. Katika miaka ya 1980 kila nyumba ililipa yapata rupia 1,000 kwa choo chake na fungu lake la mfereji. Hapo mwanzo kazi nyingine zilitoka mbovu, kwa kuwa zege halikuchanganywa vizuri, ikabidi watu wafundishwe zaidi. Lakini kazi haikukoma. Kufika mwisho wa miaka ya 1990, vichochoro karibu 6,000, vyenye nyumba yapata 90,000, vilikuwa na mifereji iliyojengwa kwa fedha za wakaazi.

Mpaka wa kazi

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Watu wa Orangi waligawa kazi mafungu manne. Choo ndani ya nyumba ni kazi ya mwenye nyumba. Mfereji wa kichochoro ni kazi ya majirani wa kichochoro hicho. Mfereji mdogo wa kukusanya maji ya vichochoro kadha ni kazi ya vichochoro hivyo pamoja. Hayo matatu waliyaita kazi ya ndani, nayo yaliwezekana kwa nguvu za wananchi. Fungu la nne, yaani mfereji mkuu na mahali pa kusafishia maji, waliliita kazi ya nje, na hilo ni la serikali na baraza la mji.

Kwa nini fungu hilo wasilifanye wenyewe? Kwa sababu mfereji mkuu hupita katika ardhi ya watu wengi wasiojuana, wataka fedha nyingi na amri ya kisheria, na majirani 30 hawana uwezo huo. Na kwa nini baraza lisifanye yote? Kwa sababu baraza haliwezi kusimama katika kila kichochoro kuangalia nani ametia takataka katika chemba.

Sisi tumezoea mgawanyo kama huu katika karafuu. Mchumaji ana kazi yake juu ya mti, wachambuaji wana kazi yao ya kutenga makonyo, mwenye karafuu huanika, na mnunuzi hupima. Mnunuzi hawezi kumchambulia kila mkulima, wala mkulima hawezi kujipimia mwenyewe kituoni. Na mmoja akiharibu fungu lake, kwa mfano akitia gunia karafuu mbichi, kazi njema ya wengine wote huoza.

Ndivyo ilivyokuwa Orangi pia. Kwa miaka mingi kazi ya nje ilichelewa, na mifereji ya wananchi ikamwaga maji katika makorongo ya mvua, na kutoka huko yakaenda baharini bila kusafishwa. Vichochoro vilikuwa vikavu, lakini uchafu ulikuwa umehamishwa tu. Kichochoro kikifanya kazi bila baraza, humtupia uchafu jirani wa bondeni. Sisi watu wa kisiwa, ambao pwani yetu ndiyo ya wavuvi na wakulima wa mwani, jambo hili halitufai hata kidogo.

Ramani iliyobadili mazungumzo

Basi watu wa Orangi walilifikishaje baraza kazini? Hawakwenda kwa kelele tu, walikwenda na ramani. Vijana wa mtaa walifundishwa kupima, wakachora vichochoro, mifereji na makorongo. Wakubwa wa mji walipoziona ramani hizo walijua kwamba chini ya ardhi kuna kazi tayari, na kwamba iliyobaki ni kujenga mifereji mikuu kufuata makorongo na kuunganisha. Hapo mazungumzo yakawa ya watu wawili wenye mali katika jambo moja. Kazi hiyo ya ramani iliongozwa kwa miaka mingi na Bibi Perween Rahman, aliyesomea usanifu wa majengo. Aliuawa kwa risasi mjini Karachi tarehe 13 Machi 2013. Mwaka 2006 serikali ya Pakistan ilikuwa imekwisha utia mgawanyo wa kazi ya ndani na ya nje katika sera yake ya taifa ya usafi.

Mfano wa karibu

Asije mtu akasema kwamba hayo ni ya Wapakistani. Dar es Salaam, katika mtaa wa Hanna Nassif, Kinondoni, karibu na bonde la Msimbazi, mafuriko yalikuwa yakiingia majumbani. Katika miaka ya 1990 wakaazi waliunda chama chao cha maendeleo, wakashirikiana na Halmashauri ya Jiji, wataalamu wa chuo cha ardhi na Shirika la Kazi Duniani. Huko fedha nyingi zilitoka nje, na wakaazi walichanga sehemu ndogo. Lakini kazi ya mitaro na barabara ilitolewa kwa mkataba kwa wakaazi wenyewe, waliochimba na kulipwa ujira. Mkataba ulieleza nani afanye nini, na hilo ndilo tulitakalo sisi.

Yatupasa kufanya nini?

Tukiwa wanachama wa Wete, Chake Chake, Mkoani au vijijini, twashauri mambo matano.

1. Anzeni na kichochoro kimoja. Chagueni msimamizi na mtunza fedha, wawe watu wawili mbalimbali, na hesabu isomwe mbele ya wote.

2. Choreni ramani ya nyumba, njia na mahali maji yanapokwenda. Mwanafunzi mwenye kalamu na kamba ya kupimia aweza kuianza.

3. Kabla ya kuchimba, mpelekeeni ramani sheha na diwani, na kwa njia yao Baraza. Ulizeni: maji yetu yatapokewa wapi, na nani ajenge mfereji huo mkuu? Jibu liandikwe.

4. Fuateni majira yetu. Mchango utolewe karafuu zinapouzwa, maana ndipo fedha zilipo mkononi. Kazi ifanywe kiangazi, mwezi wa Januari na Februari, kabla ya masika. Na kwa kuwa karafuu hazizai sawa kila mwaka, wekeni akiba ya mwaka wa mavuno haba.

5. Kataeni mapema shauri la asiyejiweza, kama vile mjane au mgonjwa: je, mtamchangia, au atalipa kidogo kidogo? Nyumba moja ikiachwa nje, maji yake yatarudi kwenu nyote.

Baraza nalo lina deni lake. Wakaazi wakitimiza kazi ya ndani na Baraza likanyamaza, wananchi watavunjika moyo, na kuwakusanya mara ya pili kutakuwa kugumu kuliko mara ya kwanza.

Maswali ya kuzungumza katika mikutano ya matawi

(a) Katika mtaa wenu, maji machafu hukoma wapi, na ni nani anayeumia huko?
(b) Katika yale mambo manne ya Orangi, lipi ndilo linalowazuia ninyi zaidi?
(c) Tajeni kazi tatu za mtaa wenu zilizo za ndani, na moja iliyo ya nje.
(d) Ni nani atakayesafisha mtaro mwaka wa tano baada ya kujengwa?

Tawi likikosa jibu la swali la mwisho, lisianze kuchimba. Likae tena, lizungumze mpaka jibu lipatikane.