SOMO: Majina yetu yanalindwa na nani?

Somo letu linahusu kitu tunachokiona kila siku bila kukifikiria: orodha ya majina.

Swali la mama mmoja

Siku moja Eringeti nilikuwa nikiandikisha familia za wahami. Mama mmoja, mtoto mgongoni, aliniuliza: "Haya majina munaandika, yanaenda wapi?" Nilimjibu: "Yanaenda ofisini, mama, ndani ya kompyuta." Akauliza tena: "Na kompyuta inalindwa na nani?" Sikuwa na jibu.

Swali lake halikuwa la bure. Tangu mauaji yaanze katika eneo la Beni, Oktoba 2014, watu wetu wanajua kwamba jina, kijiji na namba ya simu vikianguka katika mikono mibaya, vinaweza kuhatarisha maisha.

Mlinzi asiyeonekana

Nyuma ya kompyuta kubwa zinazotunza majina kuna mafundi wenye kazi mbili. Ya kwanza ni kuhakikisha mitambo haizimiki watu wanapoihitaji. Ya pili ni kuhakikisha haifunguki kwa asiye na ruhusa. Wanapokezana zamu usiku na mchana kama wauguzi. Wanaweka nakala mahali pengine, wanaziba matundu, wanaangalia dalili za mgeni asiyealikwa. Fundi mkubwa kati yao ndiye anayeamshwa usiku wengine wakishindwa.

Kazi hizo mbili huvutana: mlango ukifungwa sana, hata mwenye haki anabaki nje.

Yaliyoipata CICR

Tarehe 9 Novemba 2021, watu wasiojulikana waliingia katika mitambo ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, tunayoiita CICR. Walipitia kitundu ambacho hakikuzibwa kwa wakati. Tarehe 18 Januari 2022, siku 70 baadaye, ilithibitishwa kwamba wameingia. Mitambo hiyo ilikuwa na habari za watu zaidi ya 515,000: waliotengana na jamaa zao, waliopotea, na wafungwa. Habari hizo zilikuwa zimekusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60.

CICR ilizima mitambo hiyo. Wakati huo, kwa kawaida kazi hiyo ilisaidia kukutanisha watu kama 12 na familia zao kila siku. Kuzima kulilinda majina, lakini wenye kutafuta watoto wao walilazimika kungoja. Kisha CICR ilieleza waziwazi jinsi wezi walivyoingia, ikakiri kwamba kitundu hakikuzibwa mapema, na ikaongeza ulinzi kabla ya kufungua tena.

Tutafute tundu, si mchawi

Mafundi wazuri wana desturi moja inayotufaa sisi wajenzi wa amani. Baada ya ajali hawaulizi kwanza "Ni nani?" Wanauliza: "Ilipitia wapi, na tuzibe vipi?" Mtu akijua hatatukanwa, atasema ukweli mapema, na ukweli ukija mapema madhara hupungua.

Nami nilikosa. Nilipiga picha ya orodha kwa simu yangu, na simu ikaibwa. Katika kambi watu walianza kunong'ona kwamba kiongozi wao ameuza majina. Nilisimama mbele yao nikasema: "Ni mimi." Niliona haya. Lakini manung'uniko yalikwisha, na pamoja tukaweka utaratibu mpya. Kama ningenyamaza, mtu asiye na kosa angebeba hatari yangu.

Mambo ya kufanya

1. Andika tu yale yanayohitajika. Kama msaada hauhitaji kabila wala kijiji cha asili, usiulize.
2. Usibandike orodha ukutani, wala usiipige picha na kuitumatuma kwa simu.
3. Chagueni mtunzaji mmoja na msaidizi wake, mwanamume na mwanamke, wanaojulikana na wote.
4. Wekeni nakala moja mahali salama, mbali na kambi. Mkikimbia usiku, msirudi kwa ajili ya daftari: uhai kwanza.
5. Orodha ikimaliza kazi yake, ichomwe mbele ya mashahidi.
6. Kila mtu ana haki ya kuuliza kama yule mama, na kujibiwa.

Maswali ya kujadiliana

- Katika kambi yenu, ni nani anayeshika orodha? Nani anaweza kuiona?
- Orodha ikipotea leo, mtamwambia nani kwanza? Je, mwenye kukosa anaweza kusema bila hofu?
- Ni lini kufunga orodha kunaweza kumnyima mtu msaada wake? Mtafanyaje?

Yule mama nilimrudia na jibu: "Mama, zinalindwa na mafundi huko mbali, na hapa zinalindwa nasi." Akacheka, akaniambia: "Basi anza na daftari lako."