Kitanda Kisicho na Mto

Fundi seremala wangu wa Keko, Dar es Salaam, alinitazama kama mtu aliyeletewa kazi ya mzaha. Binti yangu alikuwa amebakiza wiki sita ajifungue, nami nilikuwa nimempelekea fundi mchoro wa kitanda kidogo cha kuegeshwa ubavuni mwa kitanda cha binti: mbao ngumu chini, pande tatu za vijiti, upande wa nne uliofupishwa. Basi. Fundi akafuta vumbi la randa kwenye kioo cha simu, akanionyesha kazi aliyoikabidhi mwezi uliopita. Kitanda cha mninga, kuta zimevalishwa sponji na satini, kimto chenye umbo la moyo, na upande wa kichwani umeinuliwa.

"Mzee, huo mwinuko ni wa makusudi. Mtoto akicheua, maziwa hayampalii."

Hoja yake ina mantiki, na wengi wetu tumelelewa nayo. Ila inamchukulia mtoto mchanga kama mtu mzima aliyepunguzwa kipimo, na mwili wake haukujengwa hivyo.

Tuanze na kichwa. Kwa mtu mzima, kichwa ni kama sehemu moja ya nane ya urefu wake. Kwa mtoto mchanga ni robo nzima. Mzigo huo umebebwa na shingo ambayo misuli yake bado haijapata nguvu, na kisogo chake kimetokeza kwa nyuma. Akilazwa mahali tambarare, uzito wa kichwa unashukia kwenye godoro, shingo inapumzika. Ukimwinua upande wa kichwani, uzito uleule unatafuta njia ya kuteremka. Mwili unaserereka taratibu kuelekea miguuni, kichwa kinainamia mbele, kidevu kinakutana na kifua. Jaribu mwenyewe hapo ulipo: bana kidevu kifuani kwa nguvu, kisha vuta pumzi ndefu kwa pua. Umeona inavyogoma? Wewe utainua kichwa. Mtoto wa siku kumi hana shingo ya kukiinulia.

Na njia inayobanwa ni nyembamba kuliko tunavyodhani. Bomba la hewa la mtoto aliyezaliwa leo lina upana wa milimita 4 au 5 hivi, karibu sawa na mrija wa juisi. Katika miaka ya 1840 daktari Mfaransa, Jean Poiseuille, aliyekuwa akitafuta kujua damu inavyopita kwenye mishipa midogo, alionyesha jambo la kushangaza kidogo. Ukipunguza upana wa bomba jembamba kwa nusu, kinachopita hakibaki nusu. Kinabaki sehemu moja ya 16: nusu, ya nusu, ya nusu, ya nusu. Koo si bomba la maabara, na hesabu hiyo ni ya mtiririko uliotulia, lakini picha inatosha. Milimita 2 zikizibwa kwenye koo langu, huenda nisitambue. Zikizibwa kwenye njia ya milimita 4, mtoto anatakiwa avute kwa nguvu mara 16 ili apate hewa ileile. Anaweza kuvuta hivyo kwa muda. Kisha anachoka, na anachoka kimyakimya. Hapigi kelele mtu asiye na pumzi ya kulilia.

Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 kupiga marufuku vitanda vya watoto wachanga vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10, pamoja na zile sponji za kuvalisha kuta. Nilimwambia fundi. Akaguna tu. Alitaka kusikia habari ya kucheua.

Nikachukua penseli nikachora mabomba mawili kwenye kipande cha ubao. Shingoni, njia ya hewa iko mbele na umio, njia ya chakula, uko nyuma, upande wa mgongo. Mlaze mtoto chali: njia ya hewa sasa iko juu, umio uko chini yake. Maziwa yakipanda kutoka tumboni, ili yaingie kwenye njia ya hewa yanapaswa kukwea, na maji hayakwei mlima. Yanarudi kwenye umio, mtoto anameza, au yanamtoka mdomoni. Ukigeuza ubao, mtoto amelala kifudifudi. Njia ya hewa imekuwa chini ya umio, na kinachopanda kinadondokea hukohuko tunakokuogopa. Ubavu ni mahali pa kupitia tu, kwa kuwa akijisogeza kidogo ameshabingirikia tumbo.

Si fundi peke yake aliyekosea. Kwa miongo kadhaa madaktari wa Ulaya na Marekani waliwaambia wazazi wawalaze watoto kifudifudi, kwa hofu hiyohiyo ya kupaliwa. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na huko Marekani vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa takriban nusu katika muda usiofika miaka kumi. Haikuwa kazi ya chanjo wala dawa mpya. Watoto waligeuzwa tu.

Ulaini nao una hesabu yake. Hewa tunayovuta ina kabonidayoksaidi kama asilimia 0.04, tunayotoa ina asilimia 4 hivi, mara mia. Mahali pa wazi hewa hiyo chafu hutawanyika mara moja. Lakini pua ikizama kwenye mto, au ikielekea ukuta wa sponji, inayotoka haiendi mbali, na pumzi inayofuata inairudisha ndani. Mtu mzima hushtuka na kugeuza uso bila hata kuamka. Kwa mtoto mchanga king'ora hicho bado hakijakomaa, na hata kikilia, tumeshaizungumzia shingo. Ndiyo maana godoro la mtoto linunuliwe gumu kiasi cha kumwonea huruma. Libonyeze kwa kiganja, uachie: alama ya mkono isibaki. Lijae kitandani barabara, pasipenye zaidi ya vidole viwili kati yake na ukuta. Na juu yake ni shuka moja iliyobana. Mto, mdoli, shali ya bibi, vyote vikae kwenye kiti.

Watu wa Ufini walilijua hili kwa njia rahisi kabisa. Tangu mwaka 1938 serikali yao imekuwa ikiwapa kina mama wajawazito kifurushi cha mahitaji ya mtoto, baadaye kikiwa kwenye sanduku la kadibodi lenye kigodoro cha kutandika ndani, na watoto wengi wa nchi hiyo wamelala usingizi wao wa kwanza mlemle sandukuni.

Sasa vijiti. Niliporudi Keko baada ya wiki, kitanda kilikuwa kimepigwa msasa, kinasubiri vanishi. Fundi alikuwa ameachanisha vijiti kwa kipimo cha vidole vinne. Nilikuwa nimenunua soda ya kopo hapo nje. Nikaimaliza, nikalisukuma kopo katikati ya vijiti viwili. Likapita, likaanguka ndani, kong'. Kopo lina upana wa sentimita 6.6. Nafasi inayofaa haizidi 6, kwa sababu miguu na nyonga za mtoto hupenya mahali ambapo kichwa, chenye upana wa sentimita 9 na ushei, hakipenyi. Kiwiliwili kinatoka, kichwa kinabaki, na mtoto ananing'inia kwa shingo. Fundi alilitazama lile kopo kwa muda, kisha akaita kijana alete vijiti zaidi.

Ule upande wa nne uliofupishwa ndio sababu ya kitanda chenyewe. Kwetu mtoto hulala na mama, na sina ugomvi na desturi hiyo: mama humnyonyesha bila kusimama, na aliyejifungua kwa upasuaji hawezi kuinama kila saa. Hatari iko kwenye kile kitanda kikubwa, chenye godoro linalobonyea, mablanketi, na baba aliyechoka. Wataalamu wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi, ila mahali pake mwenyewe, kwa angalau miezi sita ya mwanzo. Wamaori wa New Zealand wana kikapu cha kusuka, wahakura, kinachowekwa palepale kitandani kwa wazazi, mtoto akawa nao na asiwe chini yao.

Kitanda cha ubavuni nacho kina mtego wake: ufa kati ya vitanda viwili. Kitanda cha binti yangu ni futi 5 kwa 6, godoro la inchi 10. Tukapima mpaka juu ya godoro hilo, upande mfupi ukakatwa uwe sawa nalo, na godoro la mtoto likakaa sentimita 12 chini yake ili asibingirike kwenda kwa mama. Halafu mikanda miwili ya turubai ikapitishwa chini ya godoro kubwa, ikafungwa kwenye fremu ya upande wa pili. Vuta, sukuma, kalia, ufa usifunguke. Mikanda hulegea, kwa hiyo ikaguliwe kila jioni shuka zinapotandikwa.

Chandarua tulikifunga kimoja kikubwa juu ya vitanda vyote viwili, kikachomekwa chini ya magodoro pande za nje, mbali na uso wa mtoto. Kwa joto la Dar la Februari mjukuu wangu alilala na fulana na nepi tu, bila kofia; kichwa kikubwa kile ndicho mlango wake wa kutolea joto.

Alipofikisha miezi mitano alianza kujiinua juu ya viganja, na siku hiyohiyo kitanda kikastaafu, maana sentimita 12 si kitu kwa mtu anayejua kusukuma. Sasa kinawekewa nguo za kupigwa pasi. Kopo la soda lilibaki kwa fundi. Nilipopita juzi lilikuwa juu ya meza yake ya kazi, limejaa misumari.