MAS'ALA YA NGUO ZA MITUMBA

Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, imeamrisha pambo na kukataza israfu. Basi atafutaye shati la mitumba sokoni Tandika, Temeke, ili ahifadhi fedha ya wanawe, amefanya vema. Anunuaye la tano kwa kuwa ni rahisi tu, sivyo. Asili ya nguo hizo ni tohara, ajapokuwa aliyezivaa kwanza si Muislamu.

Tena ijulikane: muuzaji husema, "Ikiuzwa hairudi." Katika madhehebu ya Imamu Shafii sharti hilo halimwondolei dhamana ya ila iliyokuwamo nguoni. Kuchakaa kwa kawaida si ila, maana mnunuzi aingia akijua. Tundu lililofichika kwapani ni ila. Alionapo, na alirudishe shati papo hapo. Akilivaa baada ya kujua, haki yake imekwisha.